Mahema Manne ya Watu Wawili

Sehemu ya Saba

"Moja, mbili, tatu, nne," alihesabu Hasina, kidole kimenyooka. "Sleiman, hayo ni mahema manne. Na sisi ni wangapi?"

Hapo ndipo nilipokata wiki iliyopita, na nyinyi mkapiga simu gazetini kunitukana. Mmoja kanambia sina imani. Bibi mmoja, jina lake nalisitiri, kataka Hasina apewe mchi. Haya, tulieni. Tuko Bawshar, huku Muscat, Jumanne alasiri, mwaka ule wa 1999. Sleiman kasimama katika banda la gari, mahema manne kayakumbatia kifuani, na mkewe kaziba mlango.

Kwa wewe uliyeokota gazeti leo kwenye baraza ya mtu, habari yenyewe ni hii. Hawa wameoana miaka ishirini na tano, na miaka yote hiyo Hasina ameomba kitu kimoja tu. Siku mbili, watu wawili, hema moja, juu ya Jabal Shams, pale ukingoni mwa lile korongo ambalo ukitupa jiwe unachoka kungojea lifike chini. Hajapata. Fungate yao ya Salalah walikwenda watu kumi na mmoja. Mwaka wa kumi wa ndoa walikwenda Sur, na ilibidi likodiwe basi.

Kisa ni mdomo wa Sleiman. Hawezi kutaja safari bila ya kumkaribisha anayemsikiliza.

Mwezi ule Hasina alisema neno lake la mwisho. "Akipanda mtu wa tatu katika safari hii, mimi nnakata tikiti ya Unguja, kwa dada yangu. Ya kwenda. Ya kurudi sikati." Hakupaza sauti hata kidogo, na hilo ndilo lililomtia Sleiman homa.

Sasa jibu, Sleiman. Mahema manne ya nani?

"Hili la kulalia," akasema. "Hili la kulia chakula. Hili la vyombo."

"Na la nne?"

"La nne la akiba. Kule juu kuna upepo, mama Fajr. Hema linaweza kuondoka zima zima likatuacha tunatazamana."

"Nami vyombo nimefunga vikombe viwili na sahani mbili. Ndivyo vinavyotaka hema lao peke yao?"

"Visiingie mchanga."

Simu ikalia ndani.

Sleiman aliyatupa mahema, akampita mkewe, akaruka kigoda, akainyakua simu kabla haijalia mara ya tatu. Kwa mtu wa miaka hamsini na mbili aliyejaaliwa kitambi, nampa heko.

"Na'am, na'am, sayyidi!" akaanza, Kiarabu kizito cha ofisini.

"Mbona wanisemesha Kiarabu, mwanangu?" ikauliza sauti ya Bi Mahbuba, shangazi yake Hasina. Sauti hiyo haihitaji simu, ukifungua dirisha unaipata. "Nnataka kujua jambo moja tu. Huko jabalini choo kipo? Mimi nna magoti."

"Inshallah, sayyidi, kesho ofisini, inshallah!" Akakata.

"Nani?" aliuliza Hasina.

"Wizarani."

"Wizarani kuna mtu ana sauti ya shangazi yangu?"

"Katibu mpya. Mama mtu mzima."

Hasina akaenda zake jikoni, akaufunga mlango taratibu. Msomaji mwenye mke anajua maana yake. Asiye na mke na aulize.

Sasa nikwambieni huyu bwana alivyojitia kitanzini. Sisi watu wa Unguja, hata tuliohamia huku Muscat, mtu akikukuta unakula, unamwambia karibu. Yeye anakwambia starehe, anapita, nawe unaendelea na tonge lako. Karibu umeitoa, starehe umeipokea, adabu imetimia, na samaki wako mzima. Sleiman alifanya hivyo hivyo katika safari ya mkewe. Kila aliyemuuliza "unakwenda wapi?" alimwambia "Jabal Shams, karibu twende." Aliwaambia watu watatu, na alikaa kungoja starehe tatu.

Hakupata hata moja.

Wa kwanza alikuwa Philip, fundi wake wa gari kule Ghala, Mkenya wa Kisumu. Kwao Philip ukiambiwa karibu unavaa viatu. Wa pili Sheikh Harub, mkuu wake wa idara, mwenyeji wa Bahla aliyekulia Tabora. Kwao yeye kumkatalia mtu mwaliko ni kumtukana. Wa tatu ndiye huyo Bi Mahbuba. Bi Mahbuba ni wa Unguja kindakindaki, na starehe anaijua kuliko mimi na wewe. Alikubali kwa sababu alitaka kwenda.

Basi jioni ile ile Sleiman alikwenda Ghala, nia yake kumtoa Philip safarini kwa maneno ya upole. Alikuta miguu miwili imechomoza chini ya Land Cruiser yake.

"Philip, nasikia njia ya jabalini mbaya mno. Mawe matupu."

"Hiyo usijali, bosi," ilijibu miguu. "Nimekuwekea springi mpya huku nyuma. Hii gari sasa inaweza panda ukuta."

"Na baridi je? Baridi ya kule inakata."

"Mildred amenunua mablanketi. Bibi yangu huyo, ukimwambia safari, anapanga kama anahama."

"Kuna majini, Philip! Wallahi jabali lile lina majini."

Philip alitoka chini ya gari, akajifuta mikono kwa tambara. "Hapo ndiyo hata usiwe na wasiwasi, bosi. Pasta Jacob anakuja."

"Pasta nani?"

"Wa kanisani kwetu. Na wale wa kwaya. Si wote, wengine wako kazini. Kumi hivi."

Sleiman akakaa juu ya tairi. Lilikuwa na grisi, na kanzu yake ilikuwa nyeupe, lakini hayo hayakuwa mambo ya wakati ule.

Akaona sasa lazima aseme kweli. "Philip, ndugu yangu, sikiliza. Sisi kwetu mtu akisema karibu..."

"Bosi, wacha kwanza nikwambie kitu." Philip alikuwa akitazama lile tambara. "Mimi nimekaa hii Muscat miaka sita. Nimetengeneza magari ya watu wengi sana. Wananiambia shukran, wanachukua funguo, wanaenda. Wewe ndiye mtu wa kwanza aliniambia twende pamoja. Nilipigia mamangu simu nikamwambia. Alilia, bosi. Alisema basi mtoto wangu sasa ana watu huko."

Maneno aliyoyatunga Sleiman njia nzima kutoka Bawshar akayaacha hapo hapo. Aliona haya. Mimi humcheka sana huyu bwana, lakini pale aliona haya ya kweli, nami simcheki.

"Kwahivyo ulikuwa unasema?" akauliza Philip.

"Nilikuwa nasema... mje na birika. La kwetu dogo."

Mnaona? Kaenda kupunguza wageni, karudi kaongeza birika.

Usingizi haukumjia. Jumatano asubuhi aliingia ofisini kwa Sheikh Harub na uongo mpya mfukoni, ati barabara ya jabalini imefungwa. Hakuwahi kuutoa.

"Kaa, kaa chini!" Sheikh Harub aliinuka kitini mwake, akamshika mkono kama anamvusha barabara. "Subhanallah, Sleiman, na hali hiyo umekuja kazini? Nenda nyumbani, bwana. Safari tumeivunja. Afya kwanza."

Sleiman hata hakukaa. Mtu akikuvunjia jela yako huulizi nyundo kaitoa wapi. Alitoka mbio, akapiga simu Ghala.

"Pole sana, bosi," ilisema sauti ya Philip, ya upole mno. "Hiyo safari tuwachane nayo. Gari nimeileta kwako saa hii, madam amepokea. Tunakuombea."

Akampigia Bi Mahbuba. Aliambiwa na mtumishi kuwa bibi yuko jikoni, analia na anapika.

Basi Sleiman aliimba njia nzima. Watu wote watatu wametoka wenyewe, na yeye hajamvunjia mtu heshima! Alivyoingia nyumbani alijiona amezaliwa upya, na roho ikawa nyeupe kiasi cha kutaka kutubu.

"Mama Fajr," akasema, "nna neno. Nilialika watu. Philip, Sheikh Harub na shangazi yako. Sikukusudia, ulimi tu. Nimekukosea, na najua nimekukosea miaka mingi. Lakini Mungu mkubwa, wote wameghairi. Sijui kwa nini."

"Mimi najua," akasema Hasina. "Nimewapigia simu mmoja mmoja asubuhi."

"Wewe? Umewaambia nini?"

"Nimewaambia unaumwa."

"Naumwa nini?"

"Figo."

Wakatazamana. Hasina alikuwa anatabasamu, jambo ambalo nyumba ile haikuliona tangu Jumamosi. "Shangazi alipouliza choo, sauti yake niliisikia niliko, nikampigia akanitajia wenzake. Nikasema nikimngoja huyu awakatalie watu, nitazeeka. Neno moja tu, wote wamekubali. Gari ipo uani, nimeshaipakia. Hema moja. Vikombe viwili. Badilisha kanzu twende."

Sleiman hakuenda kubadilisha kanzu. Rangi ilikuwa inamtoka usoni.

"Hasina. Umewaambia watu hawa kwamba mimi ni mgonjwa?"

"Ndiyo."

"Mgonjwa wa figo? Bi Mahbuba? Sheikh Harub? Na Philip mwenye kanisa lake?"

Tabasamu la Hasina likaanza kufifia taratibu. Akaweka mkono mdomoni.

Naam, bibi. Miaka yote unamsema mumeo kwa mdomo wake, na wako je? Ni nani katika nchi hii, Mwomani au Mkenya, anayeambiwa fulani hajiwezi akakaa kwake?

Nje ikalia honi. Kisha ya pili. Kisha honi ya basi dogo la kanisa.

"Ingia kitandani!" akasema Hasina.

"Na kanzu?"

"Na viatu! Ingia!"

Katika nusu saa walijaa watu kumi na tisa. Bi Mahbuba aliongoza na sufuria ya uji wa pilipili manga, machozi yanamchuruzika, akamlisha mgonjwa vijiko kwa nguvu. Kwaya ya Pasta Jacob ilijipanga ukumbini, soprano karibu na kabati la vyombo, ikaimba kwa sauti ya kumwinua mtu kitandani akimbie. Mildred, ambaye ni nesi kweli, alimpima mapigo ya moyo.

"Yanaenda mbio sana," akasema, uso umekunjana.

"Nnaamini," akasema mgonjwa.

Kila aliyeingia alisema anakaa kidogo tu, na kila aliyesema hivyo alivua viatu. Hasina alipita na kahawa na halwa na uso wa mtu anayezikwa hai. Siku zake mbili zilikuwa zinaliwa mbele ya macho yake, na yeye ndiye anayezipakua sahanini.

Hapo akaingia Sheikh Harub. Nyuma yake kikongwe mmoja mkavu, jambia kiunoni, mkononi kifurushi cha kitambaa.

"Mgonjwa wetu, furahi!" akasema Sheikh Harub. "Ndugu zangu wa Bahla wameniletea mtu mwenyewe. Mzee huyu figo anaitibu kwa chuma."

"Kwa chuma vipi?" aliuliza Sleiman, shuka kaivuta mpaka kidevuni.

"Kinapashwa moto mpaka kiwe chekundu. Unaguswa mara tatu tu kiunoni. Baba yangu aliguswa, akaishi miaka tisini."

Kikongwe alifungua kifurushi, akauliza kwa upole jiko la makaa liko wapi. Bi Mahbuba alikuwa ameshalileta.

Hasina aliinama kumtengenezea mumewe mto. "Dirisha la chooni," alimnong'oneza. "Gari iko nyuma yake hapo hapo. Nnakwenda kukaa ndani yake nikingoja. Ukija, twende jabalini. Usipokuja, nnakwenda uwanja wa ndege, na hilo silisemi tena."

Akatoka na sinia lake, kichwa juu.

Sleiman akabaki anatazama dari. Hajapata kumwacha mgeni nyumbani mwake hata mara moja. Baba yake hakupata, wala babu yake. Mwenyeji kuwakimbia wageni wake, tena wageni waliokuja kumkagua! Habari hiyo ingefika Unguja kabla ya yeye kufika Nizwa. Upande huu aibu ya ukoo mzima. Upande ule mwanamke mmoja garini, aliyeomba kitu kimoja kwa miaka ishirini na tano.

Kile chuma kikaanza kuwa chekundu.

Ningependa kukwambieni alimchagua mkewe kwa mapenzi. Mapenzi yalikuwepo, nakuapieni. Chuma nacho kilikuwepo.

"Nakwenda msalani," akasema. Wote wakampisha kwa heshima, na Pasta Jacob akamfungulia mlango.

Kitambi kilikwama dirishani. Alikivuta, akakikemea, mwisho akatoka na kishindo juu ya ndoo za kufulia. Lakini huko ndani kwaya ilikuwa imefika pale pa kupaza sauti, na Mungu awajaze kheri hawakusikia kitu. Hasina alikuwa kwenye usukani, injini inanguruma.

"Panda."

Akapanda.

Walitoka Bawshar kama waliotoboa benki. Ghala ikapita. Walipoufikia mzunguko wa Rusayl, viwanda viko kulia na jua la alasiri limewapiga usoni, Hasina akaanza kucheka. Alicheka mpaka ikabidi aegeshe gari kando. Sleiman naye akacheka, na nywele zake zina uji.

"Umekuja," akasema Hasina, akijifuta machozi, na yale hayakuwa ya kicheko peke yake. "Wallahi sikudhani utakuja."

"Nami sikudhani," akasema Sleiman. Akaushika mkono wa mkewe. "Nimekuchelewesha, Hasina. Nisamehe."

"Wawili," akasema Hasina, kama anayelionja lile neno. "Sleiman, sisi ni wawili!"

Nilitaka kukomea hapo, niwaache mfurahi Ijumaa moja. Lakini gari ilitaka petroli.

Kituo cha petroli kiko mbele kidogo ya Rusayl, njia ya Nizwa. Sleiman alishuka kujinyoosha, na hapo akasikia jina lake likiitwa kwa sauti ya kuvunja vioo.

"Sleiman! Sleiman wa Vuga! Ni wewe au macho yangu?"

Alikuwa Himid, rafiki yake wa skuli, aliyekaa naye dawati moja Unguja na hawajaonana tangu siku za kuondoka, miaka thelathini na ushei. Walikumbatiana, wakaachana, wakatazamana, wakakumbatiana tena. Nyuma ya Himid limesimama basi la jamaa, watu wazima na watoto, wamevaa wamependeza, wanakwenda harusini Samail.

"Na huyu shemeji yangu? Marhaba, shemeji!" Himid akachungulia garini, akaona hema, akaona jiko na magodoro. Akageuka na uso unaong'aa kwa furaha. "Mnakwenda wapi, ndugu yangu, na mizigo yote hii?"

Sleiman akafungua mdomo.

Alimwona mkewe. Hasina alikuwa ameushika mpini wa mlango, na macho yake yalikuwa yanasema Unguja, Unguja, Unguja. Na lile neno lilikuwa limeshafika kwenye meno ya Sleiman, lile lile la siku zote, linasukuma kutoka. Akalimeza. Nakwambieni alilimeza, mara ya kwanza katika umri wake, na jasho likamtoka. Akatafuta upesi neno jengine, neno la huzuni, neno ambalo mtu akiambiwa ataondoka zake na harusi yake.

"Msibani," akasema.

Himid akashika kichwa. "Inna lillahi wa inna ilayhi raji'un!" Akageukia basi, akapiga makofi. "Jamani, shukeni mumpe pole ndugu yangu! Dereva, geuza kichwa, harusi itatungojea. Nikuone leo, baada ya miaka thelathini, nikuache uende ukazike peke yako? Haiwi! Ongoza njia, Sleiman, tunakufuata mpaka kaburini."

Watu wakaanza kushuka, mmoja baada ya mmoja. Sleiman alihesabu mpaka ishirini na sita, akaacha. Mlango wa gari ukafunguka, na Hasina akateremka, taratibu, mkoba wake begani.

"Pole, shemeji," akasema Himid, sauti imejaa kilio. "Pole sana. Nani aliyefariki?"

"Bado hajafa, shemeji," akasema Hasina, akimtazama mumewe. "Lakini Nizwa hafiki."